Nisomewe Kwanza: Mjadala wa Kibugu Kuhusu Injili na Sadaka Mtandaoni

Mkungu mmoja wa ndizi huweza kuuzwa mara tatu Jumapili moja. Ibada ikiisha, mnadi huusimamisha juu ya meza nje ya kanisa na kuanzia shilingi mia mbili. Bei hupanda kwa hamsini hamsini mpaka mtu ashinde, alipe, kisha badala ya kuuchukua aseme, "Rudisha, uuzwe tena." Watu hucheka, mnadi huanza upya. Jogoo naye hupitia njia hiyo hiyo, na trei ya mayai, na gunia la nduma. Minada ya namna hii katika makanisa ya kando ya Mlima Kenya imeezeka mapaa, imenunua viti vya plastiki na kuwalipia watoto wa wajane karo. Aliyetoa huonekana. Aliyepokea pia huonekana, maana ameketi benchi la tatu.

Kibugu iko kaskazini mwa mji wa Embu, kule ambako kahawa huishia na chai huanza kupanda kuelekea msituni. Hapo ndipo tunapoliweka swali letu. Je, mnada huo uhamie kwenye simu? Yaani kanisa la kijijini lifungue blogu yake, liandike mahubiri na habari za wenye shida, na chini ya kila habari liweke nambari ya Paybill ili aliye Nairobi, Doha au Minnesota naye atoe?

Tuwaketishe watu wachache nje ya kanisa, mnada ukiwa umekwisha na chai ikiwa bado moto. Hawana majina, kwa sababu ni sauti zilizotungwa kutokana na hoja ambazo yeyote anayekaa na waumini huzisikia. Historia, sheria na takwimu wanazozitaja ni za kweli. Yupo kasisi mstaafu. Yupo mwalimu mstaafu, mweka hazina wa kanisa, mwenye daftari lenye jalada gumu. Yupo msichana aliyesomea mawasiliano, ambaye sasa anaendesha duka la kuchapisha na kutoa nakala. Kuna mwendesha boda boda aliyekuja kumchukua abiria, akabaki kusikiliza. Kuna pia shosho mmoja wa Muungano wa Akina Mama, mwenye mashina 300 ya chai, ambaye kwa muda mrefu hatasema lolote.

Msichana ndiye aliyeleta wazo, kwa hiyo anaanza.

"Hatuanzishi kitu kipya," anasema. "Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na siku chache baadaye makanisa yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai, iliruhusiwa watu 100, saa moja tu, na waliopita miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani. Kasisi, wewe mwenyewe ulifungiwa nje ya kanisa ulilolijenga. Nani alikuletea Neno? Ni vijana na simu zao."

"Vijana na simu zao walinionyesha dari," anajibu kasisi. "Simu ilikuwa imewekwa vibaya. Nilihubiriwa na dari kwa wiki tatu."

Kicheko kikitulia, anasema lililomleta. Yeye hapingi Neno kusafiri. Mwaka 1975, akiwa kijana anayesomea ualimu Kigari, alimsikia David Gitari kwenye Sauti ya Kenya. Gitari alikuwa kiongozi wa Chama cha Biblia, na mwaka huo huo angekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Mount Kenya East, dayosisi iliyojumuisha Embu na Meru. Mbunge J. M. Kariuki alikuwa ameuawa mwezi wa Machi, nchi imeshikwa na hofu, na Gitari akaingia studioni akazungumzia damu ya Abeli. "Serikali ilikasirika, sisi tulikuwa tumeinama juu ya redio kama watu wanaoota moto. Lakini angalieni jambo moja: hakumaliza kwa kuomba pesa. Neno lilikwenda kila mahali, na sadaka ilibaki pale watu wanapojuana. Mkiviunganisha hivi viwili kwenye ukurasa mmoja, msomaji hatajua tena kama mnamhubiria au mnampigia hesabu ya mfuko."

Kasisi analo neno zito zaidi, nalo lina jina la mahali: Shakahola. Aprili 2023, katika msitu wa Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, na hesabu ya miili ikapita 400. Mackenzie ameyakana mashtaka yanayomkabili. Kinachojulikana ni kwamba mahubiri yake yalikuwa yakienda hewani kwa televisheni na YouTube, na watu waliacha nyumba zao katika kaunti za mbali wakamfuata. Jopo lililoundwa na Rais William Ruto baada ya hapo kupendekeza jinsi ya kuyasimamia makanisa liliongozwa na mtu ambaye Embu inamfahamu: Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Makanisa na kisha mbunge wa Gachoka na Mbeere Kusini. Ripoti ilikabidhiwa Julai 2024.

"Kwa hiyo mimi nikiandika somo la Jumapili nimekuwa Mackenzie?" msichana anauliza.

"Sijasema hivyo, mwanangu. Nimesema mtandao haumwulizi mtu amesomea wapi."

"Wala kipaza sauti cha sokoni hakiulizi. Kasisi, mahubiri ya Mackenzie yalikuwa hadharani, yeyote angeweza kuyasikia na kuyapinga. Kilichofichwa ni msitu."

Jibu hilo ni la haraka na lina ukweli nusu. Mackenzie alikuwa ameshakamatwa mwaka 2017, na mafundisho yake yaliendelea kusikika bila kuzuiwa. Uwazi peke yake haumwokoi mtu ikiwa hakuna anayesoma kwa jicho kali na kunyanyua simu. Hata hivyo hoja ya msichana haianguki: mahubiri yaliyoandikwa, yenye jina la kanisa na la dayosisi juu yake, yanaweza kukaguliwa na askofu Jumatatu asubuhi. Yale ya kwenye basi la Embu–Nairobi hayakaguliwi na mtu, na abiria huyalipia.

Mwendesha boda boda anakohoa. "Samahani wazee, lakini mnabishania kitu ambacho hakuna atakayekisoma. Nani anasoma siku hizi? Watu wanaangalia video za nusu dakika. Mimi bando langu la siku linaisha kabla ya saa sita."

"Ndiyo maana nataka maandishi," anasema msichana. "Ukurasa wa maneno haumalizi bando lako kama video. Halafu video ya leo kesho imezama. Mtu akitafuta jina la Kibugu miaka mitano ijayo, maandishi atayapata."

"Kwa lugha gani?"

Swali la boda boda ni zuri kuliko anavyodhani. Redio zimelijibu zamani: Wimwaro huwasemesha Waembu kwa lugha yao, Muuga huwasemesha Wameru kwa yao. Lakini mfadhili wa mbali hasomi Kiembu. Ukiandika Kiingereza unawaita wa ng'ambo na kuwaacha nje nusu ya waliokuwa kwenye mnada. Ukiandika Kiswahili unafika mpaka Tanzania, ambako blogu za injili kwa Kiswahili zilishika kasi mapema, kabla ya kanuni za mwaka 2018 zilizowadai wenye blogu zaidi ya shilingi milioni mbili za huko kwa leseni na ada ya mwaka, na wengi wakafunga. Kenya haijafika huko. Kwa kuchagua lugha, kanisa huwa limeshaamua linazungumza na nani, na kuhusu nani. Wote wanalipita jambo hili upesi, isipokuwa shosho, ambaye ameweka kikombe chini.

Mwalimu sasa anafungua daftari lake, lakini anaanza na Biblia. Mtume Paulo, anakumbusha, aliwaandikia Wakorintho barua ndefu akiomba mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, watu ambao Wakorintho hawakuwahi kuwaona. "Kasisi anasema sadaka ibaki pale watu wanapojuana. Paulo hakubaki pale. Ila tazameni alivyofanya: hakumtuma Tito peke yake kuchukua pesa. Aliwaongeza ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe mtu. Huyo ndiye mweka hazina ninayempenda."

Kasisi anatabasamu. Amepigwa na fimbo yake mwenyewe.

Kisha mwalimu anatoa hesabu za karibu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na miaka mitano haikuisha kabla Wakenya hawajaonyesha inavyoweza kutumika. Julai 2011, njaa ilipoikumba kaskazini, kampeni ya Wakenya kwa Wakenya iliyoongozwa na Msalaba Mwekundu, Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari iliomba shilingi milioni 500 kwa wiki nne, mtu akiweza kutuma hata shilingi 10. Lengo lilipitwa. Mwaka 2012 ikaja M-Changa, jukwaa la kuchangisha kwa simu ambalo liliigeuza harambee ya kadi na bahasha kuwa ukurasa. "Hapo hakuna aliyemwona mwenzake," anasema mwalimu, "na pesa zilifika."

Lakini mfano unaohusu blogu zaidi ni wa Agosti 2015. Mwandishi Jackson Biko aliandika kwenye blogu yake habari za mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na aliyehitaji kwenda India kwa matibabu. Iliombwa shilingi milioni moja. Kwa siku chache tu ilipatikana na kupitwa mara kadhaa, pesa zikipitia shirika la Africa Cancer Foundation. Ni andiko moja tu, bila mnada, bila mgeni wa heshima. Kabla vumbi halijatulia yakazuka maswali hadharani: je, historia ya matibabu ilisimuliwa sawasawa? Watu waliokuwa wametoa kwa machozi wakaanza kuulizana kwa hasira.

"Ndipo nasema," anaendelea mwalimu akigonga daftari, "habari nzuri inaleta pesa haraka kuliko hesabu inavyoweza kuzipokea. Mimi nitakubali kwa masharti. Nambari iwe ya kanisa, siyo ya mtu, hata mtu huyo akiwa kasisi. Watia sahihi watatu. Kila mwezi yawekwe yaliyoingia na yaliyotoka, pale pale palipoombwa, siyo kwenye ubao wa ofisini. Na kiasi kilichoombwa kikitimia, ukurasa ufungwe. Kama ni karo shilingi elfu thelathini, ya elfu thelathini na moja irudi ilikotoka."

"Irudi?" boda boda anashangaa. "Tangu lini kanisa likarudisha pesa?"

"Novemba 2024. Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa zaidi ya shilingi milioni 5 ambazo rais alitoa na kuahidi katika kanisa la Soweto. Inawezekana, kijana."

Simu iliyo juu ya benchi inalia. Ni muuguzi, binti wa Kibugu aliyeko Minnesota. Hapa ni saa nane mchana. Kwake ni saa kumi na mbili asubuhi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Msichana anamweka kwenye spika.

"Nyinyi mnajadili kama pesa zije," anasema, "na mimi nimeshazituma. Benki Kuu yenyewe ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa Kenya na sisi wa nje mwaka 2024. Shida yangu ni nyingine. Mtu akiugua hapo nyumbani napata ujumbe kutoka kwa watu kumi, kila mmoja na nambari yake. Hizi tovuti za kuchangisha za huku, kama GoFundMe, hazilipi moja kwa moja mtu aliye Kenya. Inabidi mmoja wetu wa huku asimame katikati, na akisimama ndiye anayesutwa. Nikipata mahali pamoja pa kanisa langu, nikaona aliyeomba, kilichoombwa na kilichofanyika, nitalala."

Anasita kidogo, kisha anaongeza jambo ambalo wengi wangelimeza. "Ila niseme kweli. Nikiona hesabu naweka simu kando, nasema nitatuma kesho. Nikiona picha ya mtoto analia natuma hapo hapo."

Hapo shosho anasema.

"Mimi ni hiyo picha."

Anasimulia bila kupandisha sauti. Ilikuwa wakati ule wa korona. Gari lilikuja na unga, watu wazuri tu, wageni wa kanisa jingine. Walipanga wazee mstari. Kila mmoja alipofika mbele, mfuko wa kilo mbili ulishikwa na mikono miwili: wa kwake upande huu, wa mgeni upande ule, na mgeni hakuuachia mpaka picha itoke. Ya kwanza haikutoka vizuri kwa sababu shosho alikuwa akitabasamu. Aliambiwa asitabasamu.

Wiki chache baadaye mjukuu wake aliyeko Nairobi alimpigia simu akiwa analia. Ameiona picha. Chini yake imeandikwa kwamba bibi huyu hajala kwa siku tatu.

"Nina ndizi shambani. Nina nduma kando ya mto, nina maziwa ya chai. Sikuwa na njaa hata siku moja. Nilichokosa ni dawa za presha, kwa sababu matatu zilikuwa hazitembei vizuri na bonasi ya chai huja Oktoba. Wangeniuliza, ningewaambia. Waliomba unga kwa jina langu, wakaniletea unga, na dawa nikakosa. Na mjukuu wangu akaona aibu mbele ya wenzake kwa kitu ambacho hakikuwepo."

"Pole, shosho," msichana anasema.

"Sijamaliza. Wewe unataka kuandika, andika. Lakini habari zangu nisomewe kwanza."

Kasisi anaona mlango na kuingia. Hili ndilo alilotaka kusema tangu mwanzo, ila hakuwa na maneno. Yesu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume; mtandao unataka miguu yote miwili ijue pia. Msichana hakubali kushindwa kirahisi: "Na mnada wetu je? Mtu hurudisha mkungu mara mbili huku akipigiwa makofi. Huo ni usiri?"

"Siyo usiri," anajibu kasisi polepole. "Kwenye mnada ninakuona nawe unaniona. Nikikupa leo, kesho nitakuwa nimeketi hapo ulipo, nikipewa. Kwenye simu mtoaji anamwona mpokeaji, naye haonekani. Dirisha ni la upande mmoja."

Ni hoja bora kuliko zote alizozitoa kasisi siku hiyo, na ni ya zamani kuliko mtandao, kwa sababu dirisha la upande mmoja lilifunguliwa katika nchi hii miaka mingi iliyopita. Tarehe 3 Desemba 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana, aliyekuwa Rabai, aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani, Kitui. Waembu waliokutana naye walimweleza kwamba hawapandi juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Taarifa za Krapf na mwenzake Rebmann zilichapishwa Uingereza katika jarida la kimisionari lililoanzishwa mwaka huo huo, na wasomi wa London wakabisha kwamba haiwezekani kuwe na theluji karibu na ikweta. Mashahidi wenyewe, wale Waembu, hawakuitwa kwenye ubishi huo. Hawakujua hata kwamba ubishi upo.

Mwaka 1910 Dakta Crawford, daktari kutoka Kanada, alifungua misheni ya CMS Kigari, huku huku upande wa Manyatta. Misheni kama hiyo iliishi kwa barua. Mmisionari aliandika kuhusu wagonjwa, wanafunzi, mvua na ushirikina; barua zikachapishwa katika majarida ya CMS kama Gleaner, lililokuwa likitoka tangu 1841; akina mama wa parokia za Uingereza wakasoma, wakatoa peni zao, na peni zikarudi zikiwa bandeji na mabati. Wakatoliki walikuwa na mtindo huo huo: kabla Wakonsolata hawajafika Murang'a mwaka 1902, jarida lao la Turin, La Consolata, lilikuwa limeshaanza kutoka mwaka 1899, na baadaye lilijaa shajara na picha kutoka Kenya. Ukitaka kuiita hiyo blogu ya zama zile hutakuwa umekosea sana.

Na ilizaa matunda, haifai kubisha. Kasisi mwenyewe amesomea Kigari, chuo kilichochipuka kutoka misheni ile. Wengi waliokaa kwenye mabenchi haya wana mzazi au babu aliyetibiwa au kufundishwa kwa peni hizo. Lakini hakuna mama wa Embu wa mwaka 1912 aliyepata kusoma alivyoandikwa. Pengine aliitwa mshenzi, pengine alisifiwa kuliko alivyostahili. Yote yalisemwa kwa lugha asiyoijua, yakasomwa katika vyumba ambavyo hakuwahi kuingia.

Mabadiliko makubwa ya leo yako hapa, zaidi ya kasi na zaidi ya Paybill: anayeandikwa anasoma. Akishindwa yeye, mjukuu wake atamsomea. Mtoto anayetajwa kuwa yatima ataliona neno hilo akiwa kidato cha pili, na mwenzake wa dawati atakuwa ameliona kabla yake. Mwandishi wa kanisa anayesahau hilo anaandika kama yuko mwaka 1910, na simu yake mpya haitamsaidia.

Sheria nayo imeshafika. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023 ofisi inayosimamia sheria hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao. Mwalimu anaiandika tarakimu hiyo daftarini, sifuri zote, na kuipigia mstari. Ni mikungu mingi ya ndizi.

Muuguzi bado yuko kwenye simu. Anauliza kuhusu vituo vya watoto, kwa sababu kanisa lake la Minnesota limezoea kutuma pesa huko. Msichana anamweleza kwamba mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwahamisha watoto kutoka vituoni na kuwarudisha kwenye familia na jamaa. Hapo utaona picha inavyopotosha hata anayetenda wema. Watoto arobaini waliopangwa mstari mbele ya bweni wanaingia kwenye picha moja. Mtoto mmoja anayelelewa na shangazi yake, mwenye kuhitaji viatu na nauli tu, hana picha ya kuvutia. Kwa hiyo pesa huenda kwenye bweni, na shangazi hubaki akihangaika, na siku moja naye hupeleka mtoto bwenini.

"Kwa hiyo nitume kwa shangazi?"

"Utume kwa shangazi," anasema shosho, kana kwamba swali lilikuwa lake.

Hawapigi kura. Kasisi anabaki na shaka yake kuhusu kuchanganya mahubiri na ombi, na anapata nusu ya alichotaka: mahubiri yatakuwa ukurasa wake, bila nambari ya kutuma pesa, na michango ukurasa mwingine. Mwalimu anapata watia sahihi watatu. Boda boda anajitolea kupeleka dawa za watu watakaosaidiwa, kwa bei ya mafuta tu, ahadi ambayo mwalimu anaiandika daftarini upesi kabla haijapoa.

Msichana anatoa simu na kuanza kuandika habari ya kwanza papo hapo. Anaisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kisha anaitafsiri kwa Kiembu sentensi kwa sentensi. Inaanza na maneno "bibi maskini wa Kibugu".

"Toa maskini," anasema shosho. "Weka kwamba nina mashina mia tatu ya chai. Sema nahitaji dawa za presha mpaka Oktoba, bonasi ikitoka nitanunua mwenyewe. Na picha nitapiga, lakini nitacheka."

Inaandikwa hivyo. Kwa dakika chache inaonekana fupi mno kumtoa mtu pesa, haina machozi wala njaa ya siku tatu. Muuguzi wa Minnesota anauliza dawa hizo zinauzwa shilingi ngapi kwa mwezi, anatajiwa, na anasema atatuma za miezi yote iliyobaki.

Nawe msomaji, ukikutana usiku wa leo na picha ya mzee wa Kibugu au wa popote akishikilia mfuko wa unga na mkono wa mtu mwingine, kabla hujabonyeza nambari iliyo chini yake, waulize walioiweka swali moja: yeye mwenyewe amesomewa?